Jirani wa Juu na Bakuli Tupu

Kwetu mjini bakuli halirudi tupu. Jirani akikuletea tambi au kaimati mwezi wa Ramadhani, unaliosha bakuli lake, unalikausha, na kabla hujalirudisha unatia kitu ndani. Kama huna kitu unatia tende, na kama huna tende unatia konzi ya sukari. Hata mama yangu, katika miaka ile tuliyokuwa tukigawana yai, hakuthubutu kurudisha bakuli la mtu likiwa tupu. Jirani wangu wa juu alikuwa akiyarudisha matupu. Masafi, yanang'aa, na anakukabidhi mkononi bila ya aibu yoyote usoni.

Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Mara ya pili nilidhani ameishiwa. Baada ya hapo nikaanza kumshuku, na nikishaanza kumshuku mtu siachi upesi. Ndivyo nilivyo. Nauza vitambaa Mlandege, na biashara ya vitambaa imenizoesha kuvuta uzi kabla ya kuamini rangi. Nanusa maziwa niliyoyachemsha mwenyewe. Mume wangu, ambaye anatengeneza mafriji na hana neno na mtu, husema kwamba mvua ikinyesha mimi natoka nje kutazama nani kaimwaga.

Nyumba yetu ni ya zamani, ndani ndani huko nyuma ya Mkunazini. Chini anakaa Raiya, msichana aliyeolewa si zamani. Katikati tunakaa sisi. Juu alikaa yeye: mwanamke mtu mzima, mrefu, mwenye sauti nzito, mjane, peke yake. Hakuwahi kuzaa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mtaani ndivyo lilivyotajwa. Mpangaji mpya alikuwa hata godoro hajalishusha, keshaambiwa. Sisi tulihamia pale tukiwa maharusi, na nilipoambiwa nilimwonea huruma. Kisha miaka ikapita, na mimi nikawa bado sijazaa, na ile huruma ikaharibika.

Tulikwenda hospitali, mimi na mume wangu, tukapimwa kila kinachopimika. Daktari akasema wote wazima, tusubiri. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Kwa mtu kama mimi hakuna jibu baya kuliko hilo, kwa sababu halikuachii mtu wa kumshuku. Nikamtafuta mwenyewe, na nikampata juu ya kichwa changu. Sakafu za nyumba zile ni boriti na chokaa, kwa hiyo hatua zake zote nilizisikia, kutoka jikoni mpaka dirishani na kurudi. Nikawa nalala chini ya miguu ya mwanamke asiyezaa, nikijiuliza kama kuna kitu kinachovuja kutoka kwake kuja kwangu. Mwanamke atakayeniambia kwamba katika hali ile yeye asingewaza hivyo, huyo simwamini.

Kazi yake ilikuwa kupika udi. Alikuwa na jiko lake la mkaa pale juu penye uwazi, na sufuria moja nyeusi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Alitia vijiti vya udi, sukari, mastaka, marashi ya waridi na vitu vingine ambavyo hakuvitaja, akakoroga polepole huku anajisemea. Harufu ilishuka ngazi na kuingia chumbani kwangu, ikakaa kwenye mito na nguo zangu, hata wateja wa dukani wakawa wananiuliza nanunua wapi. Alifunga pia vikuba, yaani vile vishada vya asumini na mrehani ambavyo wanawake hubandika kifuani wakienda arusini. Watu walimjia kutoka Chukwani na kutoka Tunguu. Alipomfungulia mtu mlango, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: wa arusi au wa arubaini?

Udi wa arubaini ni ule unaofukizwa siku mzazi anapotoka ndani na mtoto wake, baada ya siku arubaini. Huo aliupika mwepesi, kwa ajili ya kifua cha mtoto. Watu waliufuata, wakausifu, wakaondoka nao, na yeye hawakumwalika. Mwanamke asiye na mtoto hapelekwi karibu na kitanda cha mzazi. Jicho lake linaogopwa hata kama mdomo wake unasema mashaallah. Kwa hiyo udi wake uliingia vyumba vyote vya mji ambavyo yeye mwenyewe hakukanyaga. Mimi hilo lilinichoma, na nilitaka kuona kama na yeye linamchoma.

"Bi, hawa watu wa leo hawakukualika?" nilimuuliza siku moja ngazini.

"Wamealika udi," akasema. "Nami udi nshautoa."

Akapanda juu zake. Nikabaki pale nikimtazama kisigino, kwa sababu nilikuwa na imani kwamba mtu anayejikaza huonekana kwa nyuma. Kisigino hakikusema kitu.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipohama. Jicho lake nikaacha kulihofia. Nikaanza kuishuku furaha yake. Niliamini kwamba ni ya kuvaa, kama dhahabu ya kuazima, na kwamba nyumbani anapobaki peke yake anaivua. Na nilitaka sana kumwona akiivua, kwa sababu kama furaha ile ilikuwa ya uongo, basi na mimi nilijua kinachoningoja. Na kama ilikuwa ya kweli, nilitaka kujua ameitoa wapi.

Nikaanza kusikiliza. Kwanza nikagundua kwamba anacheka. Baada ya alasiri, kumetulia, ghafla kicheko juu, kicheko kizito cha tumbo, kisha kimya. Raiya alisema ana jini. Mimi nilisema ana mwanamume. Siku moja nilipomsikia nilipanda mbio na kikombe, nikijidai naomba chumvi. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, miguu kaikunjua, anachambua vijiti vya udi, na machozi ya kicheko bado hayajakauka. Chumba kizima hakina mtu. Nilitazama mpaka nyuma ya mlango.

"Kulikoni, Bi?"

"Nimekumbuka jambo."

"Jambo gani?"

"La kwangu," akasema, akanitilia chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa kidogo, maana alikuwa bahili wa chumvi.

Siku nyingine nikamsikia analia. Sitadanganya, nilipanda zile ngazi kwa furaha. Nilijisemea leo ndiyo leo. Nikamkuta mbele ya jiko, kanga imemteremka begani, analia kweli kweli, kwa machozi na kamasi. Sufuria ilikuwa inatoa moshi. Alikuwa amepitiwa na usingizi kidogo, udi ukaungua, na ndani yake alikuwa ametia ambari, manukato ya thamani, aliyoiweka miaka na miaka. Nikamshika bega, nikamwambia aseme lililo moyoni, asijifiche, sisi sote wanawake. Akaniinulia uso mwekundu.

"Lipi tena? Udi wangu umeungua, huoni?"

Nilikasirika kutwa nzima. Nilimwambia mume wangu kwamba yule mwanamke hakulilia mtoto, amelilia sufuria. Mume wangu akauliza kama sufuria imeharibika kabisa au inasuguliwa.

Halafu kulikuwa na Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi alishuka na kikapu kilichofunikwa, buibui safi, akarudi karibu na adhuhuri na uso uliotulia. Hakusema anakokwenda. Nilishuku mganga, nilishuku mtu, nilishuku mtoto aliyefichwa mahali. Jumamosi moja nikafunga duka nikamfuata. Alipanda gari la Chukwani, nami nikapanda la nyuma yake. Akateremka, akapita baina ya nyumba mpya mpya, akafika penye jiwe karibu na pwani, akakaa. Mimi nilijificha nyuma ya ukuta wa nyumba isiyokwisha. Akafunua kikapu, akatoa embe mbichi na kisu, akakata, akachovya kwenye chumvi na pilipili, akala. Kisha akakaa. Jua likanichoma utosi, sisimizi wakanipanda miguuni, na yeye amekaa tu. Alipomaliza kukaa akaondoka.

Hakuna mtu anayekwenda Chukwani kukaa, nilijisemea njia nzima. Nikaamua kwamba siku hiyo kuna jambo limemkwamia, na wiki ijayo litaonekana. Jioni tukakutana ngazini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, jirani. Siku nyengine ukitaka kwenda Chukwani niambie. Embe ziko nyingi."

Tazama alivyoitikia. Wanawake wote wa umri wake wakiamkiwa huitikia "marahaba, mwanangu", hata kama hawakujui. Yeye hakumwita mtu mwanangu. Vijana wa dukani wakimwita mama, alisimama na kuwauliza: mama nani? Siku ya arusi ya mtu wa jirani, bibi mmoja mwenye moyo mwema alimshika mkono akamwambia asisikitike, watoto wote wa mtaa huu ni wake. Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Akajibu, "Si wangu. Wana mama zao, na mama zao wanaringa." Kisha akaomba aongezewe biriani.

Na asidhaniwe kuwa alikuwa mtu wa dini na upole. Aligombana na sote kwa zamu ya maji ya tangi. Hakwenda kutazama wagonjwa ila wale aliowapenda, na hao hawakuwa wengi. Alisema maneno ya watu hayamshughulishi, lakini kabla ya kwenda kwenye shughuli alibadilisha buibui mpaka nguo zikajaa kitandani, kisha akagonga mlango wangu na kunisogezea shingo: "Hebu ninuse. Nimenukia?" Nilikuwa namnusa. Siku zote alinukia.

Shitaka kubwa kuliko yote, lililomfuata toka ujana wake, lilikuwa la mtoto. Desturi yetu inajulikana: ndugu akikosa, ndugu mwenye wengi humpa mmoja amlee. Dada yake alimpa mtoto wa kiume. Alikaa naye kwa muda, kisha akamrudisha. Kukosa ni mambo ya Mungu, watu walisema, lakini huyu alipewa akarudisha. Walilisema hilo kwa sauti ya chini, kama jambo la polisi. Na mimi nilikuwa mstari wa mbele kulisema.

Ukaja mwaka ambao Raiya alijifungua. Mtoto mzuri, amechorwa nukta ya wanja kwenye paji la uso kama ilivyo ada. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, jirani wa juu anateremka na Raiya anapanda na mtoto kwenda kuanika nguo. Raiya alipomwona akavuta kanga, akamfunika mtoto uso. Yule mwanamke mrefu akasimama, akageukia ukuta kama mtu anayesoma kitu kwenye chokaa, akangoja mpaka wamepita.

"Bi, kwa nini unamfanyia hivyo?" nilimuuliza. "Ilifaa yeye ndiye aone aibu."

"Nnamrahisishia. Ana mzigo mkononi."

Wiki hiyo hiyo, au ile ya baada yake, nilikuwa napanda kutoka dukani, Raiya anashuka. Nikafungua mdomo kumsalimia mtoto. Kanga ikavutwa. Raiya akaniambia "za kazi, dada" huku mkono wake uko juu ya uso wa mwanawe, na akapita. Mimi niliyekuwa nimekaa naye mlangoni tukimteta mtu wa juu kwamba ana jini! Niliingia ndani nikakaa juu ya kitanda na buibui langu, sikuliona hata giza lilipoingia. Iliniuma. Hakuna kitu kilichowahi kuniuma vile.

Kwa hiyo mavyaa wangu, mama mzaa mume, alipopiga simu kutoka Mkokotoni, alinikuta mahali pabaya. Wifi yangu ana watoto tele, akasema, na wa mwisho ni msichana, mwenye miaka mitatu, hana tabu. Wamekwishazungumza. Ijumaa atamleta. Nilisema ahsante, mama, nikalia. Mume wangu nilipomwambia akasema, "Utakavyo wewe." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema ana maana hiyo hiyo.

Siku hizo hizo jirani wa juu alikuwa anahama. Magoti yalikuwa hayataki tena ngazi, akapata chumba Chukwani, karibu na lile jiwe lake. Nikapika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, nikapanda kwenda kumuaga, na kumsaidia kufunga vyombo. Tulifunga vyetezo vyake vya kufukizia udi kwenye kanga kuukuu, kimoja kimoja, ili visigongane.

"Bi, nikuulize kitu?"

"Umeniuliza kwa macho miaka yote hiyo. Leo uliza kwa mdomo."

"Yule mtoto. Kwa nini ulimrudisha?"

Alimaliza kufunga fundo kwanza.

"Nilimchukua ili watu wanyamaze," akasema. "Na walinyamaza, wallahi. Hata mavyaa alininyamazia. Aliyekuwa hanyamazi ni yeye. Kila magharibi anakaa dirisha lile, ananiuliza mamake anakuja lini. Nnamwambia kesho. Kesho nnamwambia keshokutwa. Siku moja hakuuliza. Keshajua kuwa miye muongo. Asubuhi yake nikamvisha, nikampeleka kwao."

"Lakini watu wanalea watoto wa ndugu zao, Bi, na wanalea vizuri."

"Wapo. Hao wanamtaka mtoto, na Mungu awape kheri. Miye sikumtaka yule. Nilitaka kuitwa."

Nikamuuliza lile jingine, kwa vile mlango ulikuwa wazi. Nani aliyekuwa na kasoro, yeye au marehemu mumewe?

"Hatukupima. Tungelijua, mmoja wetu angekuwa mkosa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kafa mume wangu hatujui, na tulikula sahani moja mpaka mwisho."

"Na hukusikitika?"

"Nani kakwambia? Nilisikitika mpaka nikachoka. Nilipochoka, siku ilikuwa bado haijaisha. Nikatia mkaa jikoni."

Akala wali wangu wote, akausifu pweza, akainuka kuosha bakuli. Akalikausha kwa pindo la kanga, akanipa. Tupu, kama kawaida. Nilicheka kidogo kwa hasira, nikamwambia hata leo, Bi, hata siku ya kuagana? Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Umenipa chakula, nimekula, nimeshiba, nimeshukuru. Kimebaki nini? Nyinyi watu, chombo kitupu kinakutisheni."

Kisha, wakati nimeshafika mlangoni, akaniita kwa ile sauti nzito. "Jirani."

"Naam."

"Huyo mtoto wa wifi yako. Unamtaka yeye, au unataka Raiya afunue kanga?"

Habari ya mtoto ilikwishaenea nyumba nzima, lakini ya kanga sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Alikuwa ameiona kutoka juu, kumbe na yeye alikuwa anatazama. Nilishuka ngazi na bakuli langu. Nilikuwa na hasira naye zaidi kuliko mtu yeyote duniani, na nilijua kwa nini.

Alhamisi nikapiga simu Mkokotoni.

"Mama, mtoto abaki kwa mamake."

"Umefikiri, mwanangu?"

"Nshafikiri."

"Watu watasemaje? Ukapewa, ukakataa?"

"Watasema hivyo hivyo, mama."

Mume wangu alikuwa sakafuni na mota ya friji mapajani. Nilipokata simu nikamsikia anasema alhamdulillahi, chini kabisa, kama anaisemesha ile mota. Nikamuuliza alhamdulillahi ya nini. Akasema alikuwa anaogopa kuniambia kwamba hataki mtoto wa watu alie ndani ya nyumba yake. Nilimshuku kwa siku kadhaa, kisha nikaona sina ushahidi.

Sasa juu hakukai mtu. Usiku nasikia boriti tu. Jirani wa juu sijamwamini kabisa mpaka leo, na nataka ijulikane hivyo. Labda kule Chukwani pana jambo ambalo sikuliona nyuma ya ukuta. Labda aliniambia yale kwa sababu alikwishazoea kuyasema. Lakini harufu ya udi bado iko kwenye mito yangu, nimefua na kufua, na asubuhi nikiamka siiangalii tena dari.

Jumamosi iliyopita nilifunga duka. Nilitia kwenye kikapu kisu kidogo na chumvi ya pilipili iliyofungwa kwenye karatasi, maana embe alisema ziko nyingi. Nilipokuwa nashuka ngazi nikamkumbuka na ile kanga yake begani na uso mwekundu, analilia sufuria, na mimi nimemshika bega namwambia aseme lililo moyoni. Kicheko kikanitoka, kikubwa, cha tumbo, kikajaa ngazi nzima. Raiya alikuwa mlangoni kwake na mtoto. Akatazama nyuma yangu, hakuona mtu. Akatazama juu, ambako hakukai mtu. Mkono wake ukaenda kwenye kanga.

"Kulikoni, dada?"

"Nimekumbuka jambo."

"Jambo gani?"

"La kwangu," nikasema, nikapita mbele yao bila ya kugeukia ukuta.